Kuhamisha seva kuukuu kwenda mashine mpya bila kulaza biashara

Kabla hujagusa skrubu yoyote jibu hili kwanza: mashine ya zamani inastaafu au inaendelea na kazi? Maana watu wanasema "nataka kukloni seva" wakimaanisha vitu viwili. Kuna anayehamisha, yani ile kuukuu inazimwa na mpya inakaa pale pale kwa jina lile lile na IP ile ile, na kuna anayetaka pacha, labda tawi la Nansio kule Ukerewe lipate seva kama ya Mwanza mjini. Kukopi ni kule kule, ila baada ya kukopi mambo yanaachana kabisa na ukichanganya utakuta mashine mbili zinagombania anwani moja na mhasibu anakupigia simu saa tano usiku.

Mfano wangu hapa ni seva ya aina ninayoikuta sana maeneo ya Kirumba: biashara ya jumla ya dagaa karibu na soko la Mwaloni, kompyuta ya tower iliyokaa chini ya meza miaka na miaka, ndani ina Ubuntu 22.04, haidi diski ya 500GB, programu ya mauzo inayotumia databezi ya MariaDB, folda ya Samba (ya pamoja kwenye mtandao) ambayo wahasibu wanaweka Excel zao, na bakapu ya usiku inayoendeshwa na cron, yani kile kinachoendesha kazi kwa ratiba. Mashine mpya ni mtumba mzuri wenye SSD ya NVMe. Ukiwa na Debian hatua ni karibu zile zile.

Kukopi kwenyewe ni kukaa unasubiri tu. Kazi iko kabla na baada, na ndo sehemu watu wanaziruka.

Ijue ya zamani kwanza

Keti kwenye ile mashine ya zamani uendeshe hizi, majibu yake hifadhi kwenye faili halafu lihamishie kwenye simu au fleshi, usiliache humo humo:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MODEL,SERIAL,UUID,MOUNTPOINT
df -h
cat /etc/fstab
ip a
sudo ss -tlnp
systemctl list-units --type=service --state=running
ls /etc/cron.d; crontab -l; sudo crontab -l

Hiyo ss inaonyesha programu gani inasikiliza mlango gani, zile za cron zinaonyesha kazi za ratiba, na hapo ndo unagundua vitu ambavyo hata mwenye biashara havijui, mfano kijana aliyekuwepo zamani aliweka programu ya kutuma SMS za madeni kwa wateja na bado inafanya kazi kila asubuhi. Andika kila kitu. Utakuja kuhitaji orodha hii ule usiku wa kuhama ili ulinganishe.

Kisha angalia kama mashine inabuti kwa UEFI (bayosi ya kisasa) au kwa bayosi ya zamani:

[ -d /sys/firmware/efi ] && echo UEFI || echo BIOS

Na afya ya diski:

sudo smartctl -a /dev/sda

Tafuta mstari wa Current_Pending_Sector na wa Reallocated_Sector_Ct. Pending ikiwa zaidi ya sifuri diski imeshaanza kushindwa kusoma baadhi ya sehemu, acha mpango wa kawaida, zima mashine, toa diski na uiokoe kwanza kwa ddrescue (programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu) kwenda diski nyingine nzima, halafu mengine yafanyie kwenye ile nakala. Diski inayokufa ukiipigisha rsync (programu ya kukopi mafaili) ya usiku kucha unaweza kuimalizia kabisa.

Afu fungua kava uangalie feni. Kwenye maduka ya Mwaloni vumbi la dagaa linachanganyika na unyevu wa ziwani na wale wadudu wadogo wa ziwa wanaofuata taa usiku, linakuwa ganda la kahawia limeshika mapanga ya feni hadi halipulizwi kwa mdomo, unalikwangua kwa brashi ya rangi. Nalisema hili kwa sababu mashine yenye feni hivo ukiibebesha kazi ya saa nne mfululizo inaweza kujizima kwa joto katikati. Safisha siku moja kabla, sio usiku wenyewe.

Chukua na dampu ya databezi hata kama unakwenda kukopi kila kitu:

sudo mysqldump --all-databases --single-transaction --routines --events > zote.sql

Faili hili ndo bima yako.

Iandae mpya

Ingia kwenye bayosi ya mashine mpya, weka kubuti kwa UEFI, zima Secure Boot angalau kwa sasa, na hali ya SATA iwe AHCI. Hii ya mwisho inasumbua watu sana, mashine nyingi za ofisini zinakuja zimewekwa kwenye RAID ya Intel na ukibuti Linux unakuta diski ya NVMe haionekani kabisa, mtu anaamini SSD ni mbovu anairudisha dukani bure.

Ukiwa humo humo tafuta pale wanaposema mashine ifanye nini umeme ukirudi, jina linatofautiana, AC Recovery au kitu kama hicho, weka iwake yenyewe. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri hutaki kuamka kwenda Kirumba kubonyeza kitufe. Tarehe na saa zikiwa zimerudi miaka ya nyuma badilisha betri ya CR2032, ni shilingi chache tu, maana saa ikiwa imepotea vyeti vya HTTPS vinakataa na utatafuta mchawi.

Mashine ya mtumba ipimwe ramu kwa memtest usiku mzima kabla hujaiamini na daftari la madeni ya watu.

Jambo lingine, kerneli, yani kiini cha Linux kinachoongea na vifaa. Kama seva imekaa na kerneli ya zamani inawezekana haijui kadi ya mtandao ya mashine mpya, utabuti vizuri halafu huna mtandao. Tibu hili ukiwa bado kwenye mashine ya zamani:

sudo apt install linux-generic-hwe-22.04

Riboti, hakikisha programu za duka zinaendelea, halafu kuanzia hapo usifanye apdeti yoyote mpaka uhamie. Na zile apdeti za kujiendesha zenyewe zizime pia: sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer.

Clonezilla au rsync?

Clonezilla, programu ya kukloni diski, ni nzuri na ni ya bure, inakopi sehemu zilizotumika tu za diski, na kama diski mpya ni kubwa kuliko ya zamani na mashine zote mbili zinabuti kwa staili moja basi itumie, itakuchukua muda mfupi wa kufikiri. Shida yake ya kwanza ni ukubwa: diski ya zamani 500GB, dukani umeuziwa SSD iliyoandikwa 480GB, Clonezilla inakataa hata kama data yako ni 90GB tu. Unaweza kupunguza patisheni kwa GParted kwanza ikiwa ni ext4, ila XFS haipungui. Shida ya pili inabidi uzime duka muda wote inapokopi. Shida ya tatu ni kukosea upande, yani unachagua diski tupu kuwa chanzo na yenye data kuwa mwisho, na hapo hakuna kurudi. Ukiitumia soma namba ya SERIAL ya kila diski, sio jina la sda na sdb maana hayo yanabadilika, na bandika selotepu iliyoandikwa ZAMANI na MPYA kwenye diski zenyewe.

Mimi kwa seva ya duka natumia rsync. Inakopi mafaili, haijali ukubwa wa diski wala kama zamani ilikuwa bayosi na sasa UEFI, na zaidi ya yote unakopi mara mbili: mara ya kwanza watu wakiwa kazini, mara ya pili usiku huduma zikiwa zimezimwa, ambapo inachukua tofauti tu. Duka linalala muda mfupi sana.

Kukopi mara ya kwanza

Buti mashine mpya kwa fleshi ya Ubuntu ya kujaribu bila kuinstoo. Gawa diski, ukiwa na uhakika kwamba nvme0n1 ndo ile tupu:

sudo -i
parted -s /dev/nvme0n1 mklabel gpt
parted -s /dev/nvme0n1 mkpart EFI fat32 1MiB 513MiB
parted -s /dev/nvme0n1 set 1 esp on
parted -s /dev/nvme0n1 mkpart mfumo ext4 513MiB 100%
mkfs.vfat -F32 /dev/nvme0n1p1
mkfs.ext4 /dev/nvme0n1p2
mount /dev/nvme0n1p2 /mnt

Tengeneza ufunguo wa SSH (wa kuingia seva kupitia mtandao) hapo kwenye fleshi na uuweke kwenye /root/.ssh/authorized_keys ya seva ya zamani, maana Ubuntu hairuhusu root (mtumiaji mkuu) kuingia kwa paswedi. Utaufuta baadaye pande zote mbili. Halafu:

rsync -aAXH --numeric-ids --info=progress2 --bwlimit=20000 --exclude={"/proc/*","/sys/*","/dev/*","/run/*","/tmp/*","/mnt/*","/media/*","/swap.img","/lost+found"} root@192.168.1.10:/ /mnt/

Kama kuna diski ya nje ya bakapu imepachikwa mahali kama /bakapu iongeze kwenye hizo exclude, la sivyo itakopiwa nayo. Bwlimit hapo inabana kasi kwenye kama 20MB kwa sekunde ili keshia asianze kulalamika kwamba mashine nzito.

Angalia na switchi. Zile switchi za zamani za megabiti 100 zinatoa kama 11MB kwa sekunde tu, sasa 300GB hapo ni zaidi ya saa saba. Nunua switchi ndogo ya gigabiti ya milango mitano, chomeka seva zote mbili humo na waya mmoja uende kwenye switchi ya zamani, basi. Na vyote viwe kwenye UPS.

Iwezeshe kubuti

mkdir -p /mnt/boot/efi
mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
blkid

Sasa uko ndani ya mfumo uliokopiwa. Fungua /etc/fstab (orodha ya diski za kupachikwa mashine ikiwaka), toa UUID (vitambulisho) za zamani weka za diski mpya ulizozipata kwenye blkid, mstari wa / na mstari wa /boot/efi. Mistari ya diski za nje ambazo hazipo, ifute au iongezee nofail, maana fstab yenye diski isiyopatikana inafanya mashine isimame katikati ya kuwaka. Swap tuliiacha, itengeneze upya kwa fallocate, chmod 600 na mkswap.

Kama ya zamani ilikuwa bayosi ongeza kwanza apt install grub-efi-amd64. Halafu kwa wote:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
update-initramfs -u -k all
update-grub

Kuna mashine ambazo hazikumbuki ulichoziandikia, ukiriboti zinasema hakuna diski ya kubuti. Rudia grub-install ukiongeza --removable mwishoni, inaweka faili pale ambapo kila bayosi ya UEFI inatafuta.

Kadi ya mtandao nayo imebadilika jina. Zamani ilikuwa enp2s0, sasa labda eno1. Angalia kwa ip -br link, kisha hariri faili la mipangilio ya mtandao lililopo /etc/netplan. Kwa sasa weka IP ya majaribio, mfano 192.168.1.250, usiweke ile ya zamani.

Jaribu ikiwa imetengwa

Toka kwenye chroot, zima, toa fleshi, na CHOMOA WAYA WA MTANDAO. Ndo uwashe. Sababu ni kwamba hii mashine sasa inaamini yenyewe ndo seva ya duka, cron zake zote ziko hai, na saa moja asubuhi ikifika itatuma zile SMS za madeni mara ya pili kwa wateja wale wale. Mteja wa Sengerema aliyelipa jana akidaiwa tena leo utasikia. Ukishaingia zima cron kwanza, systemctl disable --now cron, pamoja na timer zozote zinazotuma vitu nje, ndo urudishe waya.

MariaDB ikikataa kuwaka hapa usishtuke, uliikopi ikiwa inaandika. Tunachopima ni kama mashine inabuti, mtandao upo, Samba inafunguka, na inawaka bila kibodi wala skrini. Hilo la kibodi lijaribu kweli, kuna mashine zinasimama na kusubiri ubonyeze F1.

Usiku wa kuhama

Uliza ratiba kabla ya kupanga. Mwaloni sio ofisi ya serikali.

"Mzee shikamoo, Jumamosi saa tatu usiku nataka kuzima mfumo kwa muda wa saa mbili hivi."

"Marahaba. Jumamosi hapana kijana wangu, kuna lori la Kongo linapakiwa, wanaandika magunia mpaka alfajiri. Njoo Jumapili."

Basi Jumapili. Na mkubaliane saa ya kukata tamaa: ikifika saa kumi alfajiri mpya haijasimama, waya unarudi kwenye ya zamani na watu wanaendelea na biashara, mnapanga siku nyingine. Hii iamueni mchana akili ikiwa imetulia.

Kwenye ya zamani:

systemctl stop apache2 smbd cron mariadb

Buti mpya kwa fleshi tena, usikopi juu ya mfumo unaoendesha. Pachika /dev/nvme0n1p2 kwenye /mnt, ufunguo mpya wa SSH kama mwanzo, halafu jaribu kwanza kwa -n uone itafuta nini:

rsync -aAXHn --numeric-ids --delete -v --exclude={"/proc/*","/sys/*","/dev/*","/run/*","/tmp/*","/mnt/*","/media/*","/swap.img","/lost+found","/boot/*","/etc/fstab","/etc/netplan/*"} root@192.168.1.10:/ /mnt/

Ile exclude ya diski ya bakapu nayo irudishe. Boot, fstab na netplan tumeziacha kwa makusudi, ulishazirekebisha na hutaki za zamani zije kuzifunika. Ukiridhika na orodha ondoa n na uendeshe kweli. Ikiisha rudia mara moja kwa /var/lib/mysql peke yake ukiwa na --checksum, ili kila baiti ya databezi iwe imelinganishwa:

rsync -aAXH --numeric-ids --delete --checksum root@192.168.1.10:/var/lib/mysql/ /mnt/var/lib/mysql/

Ile mikwaju (/) mwishoni mwa majina isisahaulike, ukiisahau upande wa chanzo utapata folda ya mysql ndani ya folda ya mysql.

Sasa chomoa waya wa mtandao wa seva ya zamani, izime. Washa mpya, badilisha netplan iwe 192.168.1.10 kwa netplan try, ambayo ukijifungia nje inajirudisha yenyewe baada ya sekunde 120. Cron huenda imerudi kuwa hai kwa sababu umekopi /etc upya, hakikisha kwa systemctl status cron, safari hii tunaitaka. Kompyuta za makeshia zikigoma kuiona seva zizime na kuziwasha, au zima switchi kidogo, bado zinakumbuka anwani ya kadi ya zamani. Na kama ruta ilikuwa inatoa IP kwa kufuata MAC (namba ya kadi ya mtandao), badilisha humo pia.

Chukua ile orodha ya ss ya mwanzo, endesha tena, linganisha mstari kwa mstari. Halafu mtu wa duka, sio wewe, aingize mauzo ya gunia moja, atoe risiti, aifute. Mhasibu afungue Excel yake. Nansio wajaribu kuingia. Endesha bakapu kwa mkono uone faili limetokea na lina ukubwa wa maana. Riboti mara ya mwisho.

Kama ulitaka pacha

Hapo ya zamani inabaki, kwa hiyo mpya lazima ipate utambulisho wake:

hostnamectl set-hostname seva-nansio
truncate -s 0 /etc/machine-id
rm /etc/ssh/ssh_host_*
dpkg-reconfigure openssh-server

Riboti. Machine-id (kitambulisho cha mfumo) ukiiacha, mashine zinazotumia DHCP ya Ubuntu zinaweza kupewa IP moja zote mbili hata kama kadi zao ni tofauti, na hilo linasumbua kulitafuta kuliko kitu chochote. Kama mnaunganisha matawi kwa VPN ya WireGuard tengeneza funguo mpya kabisa, pacha wawili wenye ufunguo mmoja wananyang'anyana muunganiko, unaona Nansio yupo, hayupo, yupo. Na pitia cron moja moja uamue ipi ibaki wapi.

Wenye Windows Server na Tally au QuickBooks: diski inakopika vizuri kwa Clonezilla, ila leseni ya Windows iliyokuja na mashine, ile ya OEM, imefungwa na mashine ile, na programu nyingi za uhasibu zitataka kusajiliwa upya zikiona chuma kimebadilika. Tafuta funguo na paswedi za akaunti kabla, sio Jumapili usiku.

Ya zamani ifanyweje

Isiguswe mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe kwenye mpya, maana kuna ripoti zinazotolewa mara moja kwa mwezi na ndo zitakuonyesha kilichosahaulika. Iwekwe juu ya kabati bila waya wa mtandao, na karatasi imebandikwa "USIWASHE IKIWA NA MTANDAO". Futa ule ufunguo wa SSH wa root kwenye mpya. Mwezi ukifungwa salama na bosi anataka kuiuza, buti kwa fleshi, hakikisha uko kwenye mashine sahihi, halafu shred -v -n 1 /dev/sda, na mnunuzi apewe diski tupu isiyo na majina wala madeni ya wateja wenu.